Kaka na dada juu ya barafu

Mwanangu,

Umeniuliza kama umkubalie kocha wa huko Toronto anayetaka binti yako na mdogo wake wa kiume wawe jozi moja katika dansi ya barafu, ile ya mvulana na msichana kucheza pamoja wakiteleza kwa viatu vya vyuma. Unaogopa maneno ya watu, kaka na dada kushikana viuno mbele ya kadamnasi. Shangazi yako atasema tu, lakini yule hata harusini hunung'unika.

Nilipokuwa mwanafunzi Prague, Eva Romanová na kaka yake Pavel Roman, wachezaji dansi ya barafu wa Chekoslovakia, walikuwa bado wanatajwa. Mwaka 1961 mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye barafu yalikuwa yafanyike mji huo, yakafutwa baada ya ndege iliyobeba timu ya Marekani kuanguka karibu na Brussels. Yalipofanyika hapo 1962, ndugu hao walishinda mbele ya watu wao, Eva akiwa na miaka 16 na Pavel 19. Ubingwa hawakuuachia hadi 1965, mara 4 mfululizo. Medali ya Olimpiki hawakuipata kwa sababu dansi ya barafu iliingizwa huko mwaka 1976 tu, na Pavel alishafariki kwa ajali ya gari Marekani, 1972.

Wavulana ni adimu katika mchezo huu. Msichana akimpata mwenza, kesho mwenza anahamia kwa mwingine. Ndugu hahami. Tatizo ni kwamba ugomvi wa uwanjani nao hauhami: mtapanda nao gari na kula nao wali.

Kuhusu hofu kwamba dansi hii lazima ionyeshe mahaba, ndugu Isabelle na Paul Duchesnay, waliokulia Kanada wakaiwakilisha Ufaransa, walikuwa mabingwa wa dunia 1991. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Albertville, walicheza hadithi ya kaka na dada wakapata medali ya fedha. Kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi.

Mimi kinachonitia shaka ni kimo. Pavel alimzidi Eva miaka 3, Paul ni mkubwa kwa Isabelle, na Alex Shibutani wa Marekani, aliyepata shaba ya Olimpiki na dada yake Maia mwaka 2018, ni kaka mkubwa pia. Kwa kawaida mvulana ndiye anayebeba. Kwako mambo ni kinyume: mdogo anamfikia dada yake begani. Wajifunze hatua pamoja, ila kubebana kungoje kijana arefuke.

Kabla hujamjibu kocha, muulize binti yako faraghani, mdogo wake asiwepo, kama yeye mwenyewe anataka. Kisha nipigie, ila si wakati wa magharibi.

Baba yako