Pia ya dogo inaachana vipande, nimepigwa?

SWALI: Mambo Anko. Niko Mwanjelwa hapa Mbeya, kijana wangu wa darasa la nne nimemnunulia ile pia ya kupigana, Beyblade, ile aina ya Burst, sasa kila ikigongana na ya mwenzie inaachana vipande vitatu. Mjomba wake anasema ni feki, eti za kwake enzi hizo zilikuwa na chuma na haziachani ovyo. Nimepigwa? Na katuni zake aanzie wapi maana ziko nyingi mno.
Mama wa Darasa la Nne

JIBU: Kwa hilo la kuachana hujapigwa dada, ndo kazi yake hiyo. Mwambie mjomba wake hizo zake zenye chuma ni za kuanzia 2008, Metal Fight, na hata hizo sio za kwanza, maana Takara walianza kuuza Beyblade kule Japani 1999, plastiki nyingi, wazo wamelitoa kwenye beigoma, vijipia vya chuma vya zamani vya watoto wa kule vinavyozungushwa kwa kamba. Burst imekuja 2015. Mchukue dogo, shika pia mkononi, zungusha kile kipande cha juu taratibu, utasikia tak, tak, tak, hayo ni meno yanaruka moja moja, kwenye pambano kila kipigo kinasogeza kidogo, yakifika mwisho loki inaachia na springi inarusha vipande, aliyempasua mwenzie anakula pointi 2 badala ya 1. Sasa ikiachana yenyewe bila kuguswa, au hausikii hiyo tak kabisa, hapo ndo uanze kuwa na wasiwasi, meno yameisha au ni ya kuigiza kweli. Na asichezee kwenye sakafu ya simenti jamani, inakula ncha ya chini, mtafutie hata beseni.

Ya mjomba na ya dogo msizipambanishe, ile ina chuma pembeni, hii itapasuliwa mpaka mtoto alie. Kuna mpya pia, Beyblade X ya 2023, uwanja wake una reli yenye meno pembeni, pia ikiinasa inafyatuka kama bodaboda ameona abiria, ila usiikimbilie, inataka uwanja wake wenyewe na hela nyingine.

Katuni: ya kwanza 2001, ya Tyson na joka wake Dragoon (kwa Kijapani anaitwa Takao, msichanganyikiwe), halafu Metal ya Gingka 2009, Burst ya Valt 2016, X 2023. Kila moja ina hadithi yake na wahusika wake kwahiyo aanze tu na Burst, inaendana na alichoshika mkononi. Mimi ile ya Tyson naipenda kwa stori ila mambo mengi yanaamuliwa na mnyama anayetoka ndani ya pia, mtoto atakaa anamsubiria huyo joka atokee kwenye beseni.