Mnaoanza famasi, mwenye pumu msimuuzie inhela tu mkamwacha aende

Wadogo zangu mnaoanza kazi famasi, hasa mliopangiwa huku kwetu Tanga, mi niko dirishani Ngamiani mwaka wa saba sasa na kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa kwanza. Kulikua na mama mmoja anakaanga samaki Deep Sea, kila mwisho wa mwezi anakuja, "mwanangu nipe ile ya bluu", nami nampa, chenji hii hapa mama, tumemalizana. Kama miezi mitano hivi. Siku moja kaja anahema mpaka kashika kaunta, nikamwambia hebu mama puliza nione, alaa! anapuliza mdomoni kama anajipulizia marashi halafu anameza, yaani siku zote hizo dawa ilikua inaishia kwenye ulimi.

Na hesabu ilikua nyepesi tu, kopo la salbutamol, ndo hiyo ya bluu, lina mipulizo 200, anayelimaliza kwa mwezi anapuliza karibu mara 7 kwa siku, huyo pumu yake haijatulia hata kidogo. Mwongozo wa GINA, shirika la kimataifa la mambo ya pumu, unasema makopo 3 tu kwa mwaka yanatosha kuongeza hatari ya kubanwa vibaya, yakifika 12 hatari ya kufa nayo inapanda. Ya bluu inafungua njia ya hewa masaa machache bas, uvimbe wa ndani haiugusi, wa kuutuliza ni ile yenye steroidi, ambayo watu wakipata nafuu tu wanaitupa kabatini. Huyo mrudishe kwa daktari, usimuongezee kopo.

Kufundisha ni kwa vitendo, maneno hayasaidii. Tikisa, toa pumzi, bana midomo kwenye inhela, anza kuvuta taratibu ndo ubonyeze, ukae na pumzi mpaka uhesabu 10. Anayeshindwa, na watoto ndo kabisa, chukua chupa ya maji ya nusu lita, toboa kitako tundu la kuibana inhela, avutie mdomoni mwa chupa. Ya steroidi akimaliza asukutue na ateme, la sivyo fangasi za mdomo zinamsubiri.

Alafu kuna wazee waliokula vumbi la brashi kwenye korona, yaani viwanda vya kuchakata mkonge, na sigara juu, wanakwambia "pumu ya uzeeni". Wengine sio pumu, ni COPD, ugonjwa sugu wa mapafu, njia za hewa hazirudi kufunguka vizuri kama za mwenye pumu, kwa hiyo hapo sigara iachwe kwanza, mzee atanuna lakini mwambie kwa adabu. Na muulize anameza nini kingine, maana propranolol ya presha inaweza kumbana kifua na wengine diklofenaki tu ya maumivu ya mgongo inawaamsha usiku.

Yule mama alianza ya steroidi, jiko akaligeuza moshi usimwendee. Bosi akaja kuniuliza, mteja wako wa bluu kahamia duka gani?