Seti ya CD au CD Moja Moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uyole, Mbeya. Ninapenda muziki wa Franco na OK Jazz pamoja na reggae ya Bob Marley, na ninataka kuwa na CD halisi za kudumu. Kwa kipato changu, ninunue CD moja moja au nijichange nipate seti nzima?

JIBU: Ndugu Mwalimu, jichange upate seti, ila usikimbilie toleo la kwanza. Mara nyingi kampuni za muziki hutoa kwanza boksi la kifahari, na baada ya miaka kadhaa hurudia nyimbo zilezile katika boksi la kawaida. Songs of Freedom ya Bob Marley, yenye CD 4 na nyimbo 78, ilitoka mwaka 1992 katika boksi kubwa, kisha ikatolewa upya mwaka 1999 katika boksi dogo zaidi. Anayesaka lile la kwanza hulipia karatasi kuliko muziki. Hata hivyo, hiyo ni seti ya nyimbo teule, kwa hiyo ukiinunua na baadaye ukanunua albamu zake, nyimbo nyingi utazilipia mara mbili.

Kwa Franco ningeanza na Francophonic, iliyotolewa na Sterns ya London katika juzuu mbili zenye CD mbili kila moja: ya kwanza inahusu miaka ya 1953 hadi 1980, ya pili 1980 hadi 1989. Kwa kuwa CD hubeba takriban dakika 80 na nyimbo zake nyingi za miaka ya mwisho huzidi dakika kumi, usihesabu nyimbo unapolinganisha bei, bali jumlisha dakika.

CD za mitumba za soko la Mwanjelwa hapo Mbeya nazo hazidharauliki, ingawa ile CD yenye nyimbo mia moja ni MP3, yaani mafaili yaliyobanwa hadi kupoteza sehemu ya sauti, nami nisingeihesabu. Igeuze unayoitaka uitazame: iliyotoka kiwandani kwa kawaida hung'aa rangi ya fedha, ilhali ya kurudufiwa huwa na ukijani au ubuluu. Ogopa zaidi mikwaruzo ya upande wenye maandishi, kwa sababu utando unaoakisi mwanga uko chini yake kidogo tu.

Ukiagiza nje, agizeni pamoja na wenzako ili mgawane gharama ya kifurushi, na uulize kwanza habari za ushuru. CD zikifika, zinakili kwenye kompyuta kwa mfumo wa FLAC, ambao hupunguza ukubwa wa mafaili bila kupoteza chochote cha sauti.