Kukisia, kukadiria au kubahatisha?

SWALI: Nikitafuta neno la Kiingereza "guess", kamusi hunipa kisia, kadiria na bahatisha kana kwamba yote ni mamoja. Nitumie lipi?

JIBU: Angalia kwanza mhusika alikuwa na nini cha kushika kabla hajatoa jibu.

Mtihani wa kuchagua una majibu manne. Mtahiniwa hajui lolote, anazungushia B na kusonga mbele. Huyo amebahatisha: hana dalili, ana bahati tu, na ndiyo maana kamari huitwa michezo ya kubahatisha. Wanafunzi husema pia kuotea. Mazungumzoni halina neno, lakini katika habari za soka litakupoteza, kwani huko mchezaji akiotea, yaani akiwa "offside", mwamuzi anapuliza filimbi.

Mtahiniwa yule yule akifuta majibu mawili anayojua si sahihi, kisha akachagua kati ya yaliyobaki, hapo amekisia. Kukisia kuna dalili, hata ikiwa hafifu: unakisia umri wa mtu kwa kumtazama usoni.

Kukadiria kunadai hesabu. Ukumbi una safu 25, kila safu ina viti 40 hivi, na karibu vyote vimekaliwa. Ukisema waliohudhuria wanakaribia 1,000, umekadiria. Kwa hiyo sentensi "Wahandisi wamebahatisha gharama za daraja" ni shutuma, hata kama mwandishi hakukusudia. Kama walipima na kupiga hesabu, andika wamekadiria.

Kosa ninaloliona zaidi katika tafsiri haliko hata kwenye maneno hayo matatu. Mzungumzaji wa Kiingereza akisema "I guess he's asleep", mara nyingi hakisii chochote. Analainisha kauli tu. "Nakisia amelala" ni Kiswahili cha kamusi. Sema "Nadhani amelala" au, vizuri zaidi, "Atakuwa amelala". Kiambishi -ta- hapo hakizungumzii wakati ujao, kinabeba dhana yote, na kitenzi cha kudhani hakihitajiki tena.

Vilevile usichanganye bahatisha na bahatika. "Nilibahatika kumwona" maana yake nilipata bahati hiyo, nikamwona. "Nilibahatisha kwenda kwake" maana yake nilikwenda bila uhakika wa kumkuta. Huenda nilikuta mlango umefungwa.