Kufufua chumba cha injini cha gari la zamani: maswali na majibu

Safari hii barua nyingi zimehusu jambo moja: kurudisha hali nzuri chini ya boneti ya gari kuukuu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Wengi wenu mna Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa hadi 1984, na wachache mna Land Rover Series III, za 1971 hadi 1985. Karibu kila barua inauliza rangi kwanza. Rangi tutaifikia, lakini mkituuliza tuanze wapi, tutaanza na tope.

Swali: Nimenunua Land Cruiser FJ40 (ya mfululizo wa 40) ya 1978 ya petroli. Chini ya boneti kuna tope la oili na vumbi jekundu, unene wa kidole. Kijana wa kuosha magari anasema ataling'arisha kwa mashine ya presha kwa dakika kumi. Nimruhusu? (Mbarara)

Usimruhusu. Tope hilo ni ushahidi, na ukiliosha kabla ya kulisoma utakuwa umejinyima habari za bure. Washa tochi ukague: palipo na tope bichi linalong'aa ndipo oili inapotoka leo, palipokauka na kupasuka ni uvujaji wa zamani. Kwenye injini ya 2F, ile ya silinda sita na lita 4.2, kagua gasketi ya kifuniko cha vali, kifuniko cha ubavuni upande wa distributa kinachoziba fimbo za vali, pampu ya petroli, na sili ya nyuma ya krankishafti. Hicho kifuniko cha ubavuni kikivuja, oili huteremka nyuma ya bloki na kudondokea chini ya klachi, ikaonekana kama sili ya nyuma ndiyo imekufa. Kuna watu wameshusha giaboksi bure kwa sababu hiyo, na gasketi iliyohitajika ilikuwa ya kubadilishwa asubuhi moja.

Ukishasoma, piga picha nyingi kuliko unavyodhani unahitaji: kila hozi, kila waya, kila kishikizo. Funga vipande vya utepe wa karatasi kwenye waya na uviandike. Toa betri, ukianza na nguzo hasi. Funika kabureta, distributa na altaneta kwa mifuko ya plastiki na mpira wa kufungia.

Injini ikiwa baridi kabisa, kwangua tope nene kwa kijiti cha mbao. Paka mafuta ya taa, lita mbili zinatosha, kwa brashi ya nywele ngumu. Acha dakika 15, kisha sugua kwa maji moto na sabuni ya unga, usuuze kwa hozi ya bustani isiyo na nguvu. Usitumie petroli. Mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye jiko la jirani. Weka beseni au turubai chini, maana uchafu ule ukiingia mtaroni utafika kwenye kinamasi ambako watu wanachota maji.

Maji ya presha hupenya kwenye beringi za altaneta na ndani ya soketi za waya, na madhara yake huonekana wiki tatu baadaye, kutu ya kijani ikishakula shaba.

Injini ikikauka, nyunyizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku, washa gari dakika 20. Poda itakuonyesha mstari wa oili na chanzo chake. Tahadhari moja: gasketi za zamani na vifuniko vya kuzuia joto vya miaka hiyo vinaweza kuwa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu. Vilowanishe kabla ya kuvikwangua na usivipige brashi ya waya vikiwa vikavu.

Swali: Nataka kupaka rangi chumba chote, injini na kuta zake. Rangi ya aina gani itadumu, na niitafute rangi halisi vipi? Pia chini ya betri bati limetoboka. (Ntinda, Kampala)

Rangi halisi imejificha kwenye gari lenyewe. Fungua kibati cha betri, kishikizo cha koili au chupa ya maji ya kioo: chini yake kuna kipande ambacho jua na petroli havijakigusa. Kipeleke kwa mchanganya rangi, usimpeleke na picha ya simu. Kwenye mfululizo wa 40 kuta za ndani zilipakwa rangi ileile ya bodi, kwa hiyo anayepaka chumba chote cheusi anaificha gari yake.

Anza na hilo tundu. Asidi ya betri ikibaki kwenye bati itainua rangi mpya yoyote. Yeyusha vijiko vinne vikubwa vya magadi ya kuokea mikate katika lita moja ya maji, mwagia, subiri povu liishe, rudia hadi lisitoke tena, suuza, kausha. Kata bati lililooza hadi ufikie chuma kizima, kisha mchomeleaji aweke kiraka cha bati la milimita 1. Kiraka cha gundi na nyuzi za fiba hakifai hapo: betri ina uzito wa kilo 15 au zaidi na barabara zetu zinaitingisha siku nzima.

Kutu ya juu juu, brashi ya waya kisha dawa ya asidi ya fosforiki, kwa muda uliotajwa kwenye chupa. Praima ya epoksi mara mbili, nyembamba. Halafu rangi ya juu. Rangi za kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha rangi) zinadumu sana dhidi ya petroli na oili, lakini mvuke wake una isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na kitambaa cha puani hakikulindi hata kidogo. Kama huna barakoa ya kuletewa hewa safi kutoka nje, mpe kazi hiyo mwenye chumba cha kupulizia.

Bloki na kichwa cha injini hutosheka na rangi ya injini inayohimili nyuzi 150 hivi. Manifoldi ya eksozi ni jambo jingine; inataka rangi ya silikoni ya nyuzi 600 na zaidi, juu ya chuma kitupu bila praima ya kawaida, na hukomaa kwa kupashwa moto hatua kwa hatua kama kopo linavyoeleza. Ukiendesha kwa kasi siku ileile itababuka.

Usipake rangi mahali pa kufungia waya wa ethi (ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi), nyuso zinazobana gasketi, nyuzi za bolti, tundu la kupumulia la injini, wala bamba lenye namba ya chasisi.

Swali: Nilivua manifoldi za 2F nikazipaka rangi, nikazirudisha na gasketi mpya. Sasa kuna mlio wa tik-tik-tik injini ikiwa baridi, ukipungua ikipata moto. Fundi anasema ni tapeti. (Soroti)

Tapeti, vipande vinavyosukuma vali, zikilegea hazinyamazi kwa sababu injini imepata moto namna hiyo. Huo ni moshi unaopenya kwenye gasketi ya manifoldi. Chuma kikipanuka, upenyo hujifunga kiasi.

Chanzo karibu kila mara ni mpangilio wa kufunga. Kwenye injini hii manifoldi ya kuingizia hewa na ya eksozi zimeshikana katikati na zinatumia gasketi moja dhidi ya kichwa. Ukizibana zenyewe kwa zenyewe mezani kwanza, nyuso zao hazitakuwa kwenye mstari mmoja na gasketi itabanwa upande mmoja tu.

Zivue. Weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zote kwa pamoja, ujaribu kupitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Zikiwa zimepinda, mpelekee mwenye mashine azisawazishe zikiwa zimeunganishwa kama kitu kimoja. Wakati wa kurudisha, bolti za kuunganisha manifoldi mbili ziwe zimelegea. Bana nati za kwenye kichwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Ndipo umalizie zile bolti za kuunganisha manifoldi mbili. Pasha injini, iache ipoe kabisa, bana tena. Angalia pia kama kuna rangi iliyobaki kwenye nyuso. Unene wake tu unatosha kuharibu kazi.

Ukifika hapo pima na nafasi ya tapeti zenyewe: injini ikiwa moto, milimita 0.20 vali za kuingiza na 0.35 za eksozi.

Swali: Waya chini ya boneti zimekauka, zinavunjika ukizigusa. Fundi umeme wa nyumba amejitolea kuzibadilisha zote. Gari ni Land Cruiser ya dizeli. (Gulu)

Mshukuru, lakini asitumie waya za nyumba. Zile zina uzi mmoja mnene wa shaba, na mtikisiko wa injini huuchosha hadi ukatike ndani ya ganda ukiwa huuoni. Nunua waya za gari zenye nyuzi nyembamba nyingi, na ganda linalostahimili joto karibu na eksozi. Kabla ya kununua chochote hesabu betri na upime volti: baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina mfumo wa volti 24, na taa au rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya volti 12 itaungua papo hapo.

Badilisha waya moja baada ya nyingine ukifuata rangi za awali. Anayekata fungu lote kwa pamoja huishia na gari la kuvutwa.

Taa za mbele zinastahili rilei. Taa mbili za wati 60 kwenye volti 12 zinakula ampea 10, na zote zinapita kwenye swichi ya miaka 45 kabla ya kufika mbele. Weka rilei ya ampea 30, waya wa milimita 2.5 za mraba, na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri iwezekanavyo. Fyuzi ikikaa mbali, urefu wote wa waya kabla yake hauna mlinzi. Kile kipande cha waya maalumu cha kuyeyuka kwenye nguzo chanya ya betri usikibadilishe kwa waya wa kawaida; kazi yake ni kufa ili gari lisiungue.

Halafu ethi. Baada ya rangi mpya, malalamiko kama "stata inazunguka kizembe" na "geji inacheza" ni ethi. Kwangua hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu. Weka multimeta kati ya bloki na nguzo hasi ya betri mtu akipiga stata: ikisoma zaidi ya volti 0.3, tafuta kiungo kibovu.

Swali: Rejeta imezibuliwa, pampu ya maji mpya, bado injini inachemka nikipanda kwenda Kabale. Thamostati tulishaitoa. (Ntungamo)

Anza kwa kofia ya rejeta, kitu cha bei ndogo kuliko vyote ulivyobadilisha. Kampala, kwenye mita 1,200 hivi, maji matupu yanachemka kwa takriban nyuzi 96. Kabale, karibu mita 2,000, ni kama nyuzi 93. Kofia nzima inayoshikilia shinikizo la kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba inapandisha kiwango hicho hadi karibu 115. Kofia yenye raba iliyokufa inakuacha na zile 93, na mlima wowote mrefu utakushinda. Ipimwe kwa pampu ya kupimia. Pale Kisekka na Katwe, Kampala, watengeneza rejeta wanazo.

Rudisha thamostati ya nyuzi 82. Bila hiyo injini huendeshwa ikiwa baridi kwenye tambarare, oili hupata majimaji na silinda huchakaa, na wewe hujatibu ugonjwa.

Angalia kama kizingo cha feni, ile bamba inayoizunguka feni nyuma ya rejeta, bado kipo. Wengi hukitoa wakati wa kupaka rangi na hawakirudishi. Feni hapo inazungusha hewa ileile ya moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kama gari lako ni la petroli, pima taimingi (wakati cheche inapowaka): 2F inataka nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika kilele, injini ikizunguka mara 650 kwa dakika, alama ikionekana kwenye dirisha la flaiwili. Taimingi ikichelewa, moto mwingi huishia kwenye kuta za silinda na eksozi.

Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya kisima yana chokaa. Na kama viputo vinaendelea kutoka rejetani injini baridi ikiwa imewashwa, acha yote haya ushughulikie gasketi ya kichwa.

Swali: Land Rover Series III, petroli 2.25. Saileni (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka, harufu ya petroli, tapeti zinapiga. Ninunue kabureta mpya? (Kasese)

Bado. Kabureta ya Zenith 36IV ina ugonjwa unaojulikana: uso wa kifuniko cha juu hupinda kwa sababu ya kubanwa mno, na pete ya raba iliyo kati ya vipande viwili hukauka, petroli ikapita isikotakiwa. Fungua, laza karatasi ya msasa namba 400 juu ya kioo kinene, sugua uso kwa mizunguko ya nane hadi wote uwe na rangi moja. Weka pete mpya. Bana skrubu kidogo kidogo kwa kupishanisha.

Pointi za distributa ziwe milimita 0.35 hadi 0.40. Nafasi ya tapeti zote nane ni milimita 0.25, na kuna hesabu ya tisa ya kukurahisishia: vali namba 1 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 8, ya 3 ikifunguka, rekebisha ya 6, 5 na 4, 2 na 7, kisha kinyume chake. Kila mara jumla ni tisa.

Chujio la hewa la oili liangaliwe mara kwa mara kiangazi. Vumbi la murram hulijaza haraka, na oili ikigeuka uji haishiki tena kitu.

Swali: Bolti za dukani zinaingia nusu kwenye Land Cruiser yangu kisha zinagoma. (Arua)

Usilazimishe. Bolti za Toyota za milimita 10 kwa kawaida zina hatua ya uzi ya 1.25, nyingi za dukani ni 1.5. Za milimita 8 zinafanana uzi, ila kichwa cha Toyota kinachukua spana ya 12 na cha dukani 13. Nenda na bolti ya zamani na nati yake, ijaribu kwa mkono hadi mwisho kabla ya kulipa.