Majina ya Mbwa Mitaani Uingereza: Ushauri kwa Anayehudumia Wanyama

Anayehamia Uingereza na kupata kazi ya kuhudumia wanyama hugundua upesi kwamba Kiingereza cha darasani kilimpa neno moja tu la mbwa, ilhali wateja wanayo mengi, na kila moja limebeba mapenzi au dharau yake. Mimi hupokea wateja katika kliniki ya wanyama mjini Leeds, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usimwite mbwa wa mtu kwa jina ulilomsikia mwenyewe akimwita, mpaka ujue jina hilo limetoka wapi.

Linalowatega wengi ni "mutt". Lilianza Marekani karibu na mwaka 1900 kama kifupi cha "muttonhead", yaani mwenye kichwa cha kondoo, na lilikuwa tusi la mtu mpumbavu kabla ya kuhamia kwa mbwa asiyejulikana ukoo wake. Mzee akiingia, akamkuna mbwa wake nyuma ya sikio huku akisema "this old mutt", huyo anamdekeza; mhudumu akilirudia neno hilohilo kutoka upande wa pili wa meza, mzaha huwa hukumu. Kwenye kadi tunaandika "crossbreed", yaani mbwa wa ukoo mchanganyiko, na sijaona aliyekereka. "Mongrel" lina umri mkubwa zaidi, kwani limekuwapo tangu karne ya 15, na mzizi wake wa kuchanganya ndio huohuo uliomo ndani ya "among" na "mingle". Kwa mbwa chotara ni maelezo sahihi, lakini kwa kuwa limetumika pia kuwatukana binadamu wa asili mchanganyiko, mimi siliweki kinywani. Afadhali "Heinz", linalotokana na kampuni ya vyakula vya makopo iliyojitangaza kuwa na aina 57 za bidhaa, kana kwamba mbwa naye amechanganywa aina zote hizo: ni utani mtupu, tena wa werevu.

"Cur" liache kabisa. Huhusishwa na neno la Kinorsi cha Kale, lugha ya watu wa Skandinavia ya zamani, lenye maana ya kunguruma, na ukali huo haujalitoka hadi leo, kiasi kwamba hata "mbwa koko" letu ni la upole likilinganishwa nalo. "Pooch" ni la Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 na halimuudhi mtu, ingawa masikioni mwangu lina harufu ya matangazo ya biashara. "Doggo" na "pupper" ni ya vijana wa mitandaoni, na ukiyatumia kwa mteja wa makamo huenda ukaonekana unajipendekeza.

"Puppy" linaonekana halina hila, nalo lina historia ya kupendeza: lilitokana na neno la Kifaransa la mwanasesere, na mwanzoni lilimhusu kijibwa cha kupakatwa na mabibi wa kitajiri, awe mchanga au mzee. Maana ya mtoto wa mbwa ilikuja baadaye na kulisukuma pembeni neno la zamani, "whelp". Hapa Yorkshire, eneo ulimo mji wa Leeds, utasikia pia "tyke", ambalo kwa Kinorsi cha Kale lilikuwa mbwa jike. Sasa ni mtoto mtundu, na wenyeji wamelifanya jina lao la kujivunia, hata klabu ya mpira ya Barnsley huitwa "The Tykes".

Limebaki lile linalowashtua wageni kuliko yote. Mfugaji wa mbwa wa ukoo akipiga simu na kusema analeta "bitch" wa miaka mitatu, hajatukana, kwa maana hilo ndilo neno rasmi la mbwa jike tangu Kiingereza cha Kale, na ndilo lililomo katika nyaraka za Kennel Club, shirika la Uingereza linalosajili mbwa wa ukoo. Liandike bila kucheka wala kuinua nyusi, kisha muulize kama mbwa huyo amewahi kuzaa. Ila mwenye mbwa wa kawaida, hasa aliyekuja na watoto, muulize tu kama mbwa wake ni wa kiume au wa kike.