Jasho lipate pa kutokea: nguo na raba za kukimbilia

Kwa miaka mingi nilikimbia na fulana ya pamba, kwa sababu ikiwa kavu hakuna nguo laini kuishinda. Nikifika kilomita ya nane inakuwa imelowa chepechepe, imeganda mgongoni, na pindo linanivuta mabega. Nikirudi kuoga, maji yakigusa kwapa na mapaja nang'ata meno kwa michubuko.

Jasho linalochuruzika halijakupoza. Mwili unapoa pale jasho linapogeuka mvuke juu ya ngozi, maana mvuke huo huondoka na joto. Pamba hulinywa na kukaa nalo. Polyesta hainywi hata asilimia 1 ya uzito wake, hivyo jasho hutambaa juu ya nyuzi, likasambaa na kukauka upesi.

Lakini usinunue kwa kusoma lebo tu. Nimewahi kununua fulana ya polyesta iliyofumwa kwa kubana mno, nikahisi nimejifunga nailoni. Siku hizi nainyanyua nguo kwenye mwanga nione matundu, kisha naibana mdomoni na kupuliza. Pumzi isipopenya, naiacha. Nyumbani nadondosha tone la maji upande wa ndani: likibaki limesimama kama shanga, jasho nalo litabaki kwenye ngozi, likitawanyika papo hapo, fulana inafaa. (Siku hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, hata fulana bora haitakuokoa. Punguza mwendo.)

Kwenye raba ndiko nilikoumia zaidi. Nilinunua asubuhi, zikanikaa barabara, na baada ya mbio ndefu kucha mbili zikawa nyeusi, baadaye zikang'oka. Miguu huvimba ukikimbia, tena kwenye joto huvimba zaidi. Kwa hiyo jaribu raba jioni, ukiwa umeshatembea siku nzima, ukiwa na soksi zile zile za kukimbilia. Simama wima: mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kisha ingiza taa ya simu ndani. Mwanga ukitokeza juu ya vidole, hewa nayo itapita.

Na tafadhali, soksi za pamba ziache. Raba nzuri yenye soksi iliyolowa itakupa malengelenge vile vile.

Soli huchoka baada ya kilomita 500 hadi 800, hata kama juu bado zinang'aa. Mimi huandika kilomita zangu kwenye daftari.

Kufua: sabuni kidogo na maji ya baridi. Dawa ya kulainisha nguo usiitie kabisa, huacha utando kwenye nyuzi na jasho halisambai tena. Raba zikilowa, toa soli za ndani, jaza magazeti, zianike kivulini. Jua kali na hita hudhoofisha gundi.